Saa Sabini na Mbili

Mtu asiyeijua Manyovu akiambiwa kuwa ni mpakani hudhani atakuta mto mkubwa au ukuta. Hakuna. Kuna vilima vya upande huu na vilima vya upande ule, migomba na kahawa huku, migomba na kahawa kule, na asubuhi yenye baridi moshi wa jikoni za Burundi unauona ukiwa shambani kwako. Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu wa tumbo moja. Watu wanaoana, wanauziana maharage na mawese, wanazikana. Ndiyo maana kila mara Burundi ilipowaka moto, sisi ndio tuliosikia kwanza watoto wakilia njiani usiku.

Nilianza kazi ya uuguzi katika zahanati ya kijiji kimoja cha vilima hivyo, wakati Manyovu ikiwa bado tarafa ya Wilaya ya Kasulu. Wilaya ya Buhigwe haikuzaliwa hadi mwaka 2012. Baadaye nilifanya kazi katika kambi za wakimbizi za Kibondo, na mwisho nikastaafia Kasulu. Katika miaka hiyo nimeona dawa nyingi zikija na kuondoka. Klorokwini tuliigawa kama njugu, leo imekwisha habari yake. Lakini ipo dawa moja ambayo historia yake imenikaa moyoni kuliko zote, kwa sababu niliishi nayo miaka mingi bila kujua kuwa ninayo. Ni dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ile ambayo vijana wa leo huiita P2 na kuitaja dukani bila hata kuinamisha kichwa.

Nianze na Aprili ya mwaka 1994. Masika yalikuwa makali na barabara ya Kasulu ilikuwa matope matupu. Redio zilikuwa zikisema habari za Rwanda; mwishoni mwa mwezi ule, katika muda wa siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Kwetu tulikuwa bado na Warundi waliokuja baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Basi katika mambo makubwa kama hayo, jambo la binti mmoja wa darasa la saba lilikuwa dogo, na pengine ndiyo sababu tulilishughulikia kama dogo.

Aliletwa na shangazi yake siku ya Alhamisi mchana. Shangazi ndiye aliyesema yote. Mtoto mwenyewe alikuwa akitazama ukuta, pale tulipobandika picha za chanjo. Jana yake jioni, akitoka kuteka maji, mtu mzima wa jirani alimkamata na kumbaka. Shangazi alikuwa mwanamke mwenye akili. Hakuuliza habari za kesi wala za mbuzi wa fidia. Aliuliza swali moja: "Mama nesi, asije akashika mimba, hakuna kitu mnachoweza kufanya?"

Nilimjibu kuwa hakuna, tungoje tuone. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua.

Kisha tukafanya tulivyofundishwa. Utaratibu wa siku zile ulikuwa kwamba aliyeshambuliwa apite kwanza polisi achukue fomu namba tatu, PF3, ndipo atibiwe. Kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu. Walikwenda Ijumaa, fomu zilikuwa zimefungiwa na mwenye ufunguo alikuwa safarini. Wakaambiwa warudi Jumatatu. Jumatatu wakarudi, wakapewa, wakafika kwetu jioni wakiwa wamelowa. Mganga akaijaza fomu, mimi nikamdunga yule binti sindano ya penisilini kwa ajili ya magonjwa ya zinaa, nikampa na Panadol. Siku zilikuwa zimepita tano kasoro. Nakumbuka niliona kuwa tumefanya kazi nzuri, maana karatasi zote zilikuwa sawa.

Mwezi wa saba alirudi, safari hii kliniki ya wajawazito. Mtihani wa darasa la saba hakuufanya. Siku zile msichana mwenye mimba aliondolewa shuleni pasipo mjadala. Wazee walimalizana nyumbani kwa mbuzi na fedha kidogo. Ile PF3 sijui ilikwenda wapi.

Sasa, ndugu msomaji, sikia kilichokuwamo kabatini siku ile ya Alhamisi. Mlangoni tulikuwa tumebandika nyota ya kijani, alama ya uzazi wa mpango iliyoenezwa nchini katika miaka hiyo ya 1990. Ndani ya kabati, rafu ya chini, kulikuwa na maboksi ya vidonge vya majira. Vile tulivyokuwa navyo ni vile vyenye vidonge 21 vyeupe na 7 vya rangi ya kahawia. Vya kahawia ni madini ya chuma tu, vya kumsaidia mama asipoteze mazoea ya kumeza kila siku. Vyeupe ndivyo dawa. Tuliwapa wanawake walioolewa, na wengine wetu tuliwauliza kwanza kama bwana ameridhia. Vidonge vinne vyeupe Alhamisi ile mchana, na vinne vingine baada ya muda wa saa kumi na mbili, vingempa yule binti nafasi kubwa ya kupona na jambo lile. Vidonge vinane. Tulikuwa na mamia.

Hilo nililijua miaka minne baadaye, na sikulijua kwa vitabu vya chuo changu bali kwa sababu ya wakimbizi.

Nilikwenda Kibondo mwaka 1998 kuajiriwa na shirika moja lililohudumia afya kambini. Wilaya ile ilikuwa imejaa kambi za Warundi: Kanembwa, Mkugwa, Mtendeli, Nduta, na baadaye kidogo Karago. Kasulu nako kulikuwa na Mtabila na Muyovozi, na Nyarugusu iliyofunguliwa mwishoni mwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa. Wiki ya pili tuliwekwa kwenye semina. Mkufunzi, dada mmoja kutoka Kenya, alisema somo la leo ni nini cha kufanya katika saa 72 za kwanza baada ya mwanamke kubakwa. Akatoa mkobani pakiti ya vidonge, akaiinua. Ilikuwa ile ile ya rafu ya chini. Nikanyosha mkono nikauliza, "Hivi hivi tunavyowapa akina mama kliniki?" Akasema, "Hivi hivi, dada." Wenzangu waliendelea kuandika. Mimi kalamu ilisimama, maana nilikuwa nahesabu: Jumatano jioni, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

Nilipopata nafasi nilianza kuuliza na kusoma dawa hii imetoka wapi. Haikuwa mpya hata kidogo. Katika miaka ya 1960 huko Uholanzi, msichana wa miaka 13 alibakwa, na daktari Ary Haspels akampa homoni ya estrojeni kwa kipimo kikubwa, jambo ambalo waganga wa mifugo walikuwa wakilifanya kwa wanyama. Estrojeni nyingi namna ile ilikuwa inatapisha vibaya. Mwaka 1974 daktari wa Kanada, Albert Yuzpe, pamoja na wenzake walichapisha njia iliyo nyepesi zaidi, ya kuchanganya estrojeni kidogo na projestini, yaani vitu vile vile vilivyomo katika vidonge vya kawaida vya majira. Ndiyo ile hesabu ya vinne na vinne. Miaka miwili baadaye Jack Lippes alionyesha kuwa kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku chache baada ya tendo huzuia mimba vizuri zaidi ya kidonge chochote. Wahangaria nao walitengeneza kidonge cha projestini peke yake, wakakiita Postinor.

Kwa hiyo mwaka ule wa 1994, mimi ninapomwambia shangazi kuwa hakuna kitu, ujuzi wenyewe ulikuwa na umri wa miaka ishirini. Ulikuwa umekaa Ulaya na Amerika ukisubiri nani? Hata huko haukutangazwa sana. Marekani yenyewe iliruhusu pakiti maalumu ya dawa hii kwa mara ya kwanza mwaka 1998, mwaka ule ule niliokuwa nimekaa kwenye benchi la semina Kibondo.

Na hapa nitapita pembeni kidogo, kwa sababu ng'ambo ya ziwa letu kuna kipande cha historia hii ambacho wengi hawakijui. Baada ya uhuru wa Kongo mwaka 1960 kulikuwa na vurugu, na masista wa Kizungu walikuwa katika hatari ya kubakwa. Mwaka 1961 wanatheolojia watatu Wakatoliki waliandika katika jarida moja la Italia wakijadili kama sista aliye katika hatari hiyo anaweza kumeza vidonge vya kuzuia mimba ili kujikinga. Wote watatu walijibu kuwa anaweza, kila mmoja kwa hoja zake. Huo ulikuwa mjadala wa kujikinga kabla, wala si wa kumeza baada. Lakini nilipousoma nilijiuliza: na wanawake wa Kongo wenyewe, waliokuwa vijijini katika vurugu zile zile, nani alikaa mezani kuwajadili?

Jibu lilichukua zaidi ya miaka thelathini. Wakimbizi walipewa hema, mahindi, maharage, mafuta, na maturubai. Mambo ya uzazi yalionekana ni ya baadaye, watu wakishatulia. Vita vya Bosnia na mauaji ya Rwanda ndivyo vilivyowafungua watu macho, kwa kuwa ubakaji ulitumika waziwazi kama silaha. Mkutano wa Cairo wa Septemba 1994 kuhusu idadi ya watu na maendeleo ulitamka kuwa mkimbizi naye ana haki ya afya ya uzazi. Mwaka 1995 UNHCR ilitoa mwongozo wake kuhusu ukatili wa kingono dhidi ya wakimbizi, na mashirika yakaunda kikundi cha pamoja kilichopanga huduma za chini kabisa ambazo lazima ziwepo tangu siku za mwanzo za dharura. Kukawa na masanduku ya vifaa yaliyopangwa kwa namba. Sanduku namba tatu lilikuwa la kumhudumia aliyebakwa, na humo ndimo dawa yetu ilimokuwa. Ilifika nchi ya Waha ikiwa ndani ya boksi, pamoja na maelezo ya namna ya kuitumia.

Haja ilikuwa kubwa. Mwaka 1997 shirika la IRC lilichapisha uchunguzi uliofanywa na Sydia Nduna na Lorelei Goodyear katika kambi ya Kanembwa. Waliuliza wanawake na wasichana kwa maelfu, na takriban robo yao walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono tangu wawe wakimbizi. Robo! Sisi tuliokuwa tukilala jirani nao tulidhani matatizo yao ni kipindupindu na malaria. Wanawake walishikwa njiani kwenda kuokota kuni, walishikwa mashambani walikokwenda kutafuta kibarua, na wengine walishikwa ndani ya kambi na watu wanaowajua. Baada ya uchunguzi ule vilifunguliwa vituo maalumu kambini, mwanamke aweze kuingia mchana au usiku bila watu kujua amefuata nini. Aliyewahi ndani ya saa 72 alipewa vidonge.

Nilikaa zamu nyingi usiku. Kitu kimoja nilijifunza ambacho semina haikusema: saa ya mhanga haianzi kuhesabiwa siku anapofika kwako. Kwanza kuna usiku wa kwanza, ambao hasemi na mtu. Kuna siku ya kumngoja mume atoke ndipo amwambie dada yake. Kuna mkutano wa wazee wa kijiji cha kambi. Kuna njia. Wengi walifika siku ya sita au ya kumi, na wengine walifika mimba ikiwa inaonekana. Tuliweka wasaidizi wa kike wenyewe Warundi, wapite nyumba kwa nyumba wakisema kwa Kirundi kwamba kuna dawa na ina siku tatu. Hao wasaidizi ndio waliofanya kazi kuliko sanduku namba tatu.

Nisiseme mazuri tu. Mwezi Mei 1999, wilayani Kasulu, kundi la wanaume Watanzania liliwavamia wanawake wakimbizi wa Kirundi waliokuwa wakitafuta kuni, na wanawake wapatao hamsini walibakwa. Watu 11 walikamatwa. Kesi ikafutwa pasipo mtu hata mmoja kutiwa hatiani. Na hayo yalitokea mwaka mmoja baada ya Bunge letu kupitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, inayotoa kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji. Mimi ni Muha, na waliofanya vile walitoka katika nchi yangu. Nimeiandika hapa kwa sababu vijijini kwetu haizungumzwi.

Lakini jambo lililonisumbua zaidi katika miaka ile lilikuwa jingine. Nilipokwenda likizo nyumbani Manyovu, niliwauliza wenzangu wa zahanati kama wamepata semina ya dawa ya dharura. Hawajasikia. Vidonge vilikuwapo, vile vile vya rafu ya chini. Yaani mwanamke mkimbizi aliyelala chini ya turubai Kibondo alikuwa na haki ya vidonge vinane, na mwenyeji wake, mwenye nyumba ya tofali na shamba la kahawa, hakuwa nayo. Wanakijiji walizoea kulalamika kuwa wakimbizi wanapewa mafuta na unga bure. Hili hawakulilalamikia kwa kuwa hawakujua kuwa lipo. Niliwafundisha wenzangu jioni moja, mezani, kwa kutumia karatasi ya boksi. Mmoja akaniuliza kama nina barua ya wilaya. Sikuwa nayo.

Pingamizi la dini lilikuwapo pia, na si vizuri kulibeza. Mwaka 1999 dawa hii ilipopelekwa kwa wanawake wa Kosovo, Vatikani ilipinga ikisema ni sawa na kutoa mimba. Maneno hayo yalifika hadi kwetu. Kiongozi mmoja wa dini aliniita akaniuliza kwa upole tu, "Mama, unaua?" Nilimweleza nijuavyo, na maelezo yale sijayabadilisha hadi leo, ila sayansi imeyatilia nguvu. Mbegu ya mwanamume inaweza kukaa hai mwilini mwa mwanamke hadi siku tano. Mara nyingi siku ya tendo yai bado halijatoka. Dawa inachelewesha yai kutoka, mbegu zinakufa zikingoja. Kama yai limekwisha kutoka dawa hii huwa haina la kufanya, na kama mimba imekwisha kutunga haiitoi wala haimdhuru mtoto. Ndiyo maana inashindwa kwa waliochelewa. Ingekuwa inatoa mimba isingekuwa na haraka hivyo. Alinisikiliza, akasema atasali juu ya jambo hilo. Hakunizuia, wala hakunibariki.

Kuhusu haraka yenyewe, Agosti 1998 lilichapishwa jaribio la Shirika la Afya Duniani lililohusisha karibu wanawake 2,000 katika nchi mbalimbali, likilinganisha njia ya Yuzpe na projestini peke yake, yaani levonojestreli. Levonojestreli ilishinda, na haikutapisha sana. Lakini ninachotaka msomaji akione ni hiki: waliomeza levonojestreli ndani ya saa 24 walikingwa kwa asilimia 95 ya mimba zilizotarajiwa, waliomeza siku ya pili, asilimia 85, siku ya tatu, asilimia 58. Kwa njia ya Yuzpe siku ya kwanza ilikuwa asilimia 77 na siku ya tatu 31. Kwa hiyo nilipowaambia wale watu wa Alhamisi wapitie polisi kwanza, hata kama ufunguo ungekuwapo Ijumaa, tungekuwa tumekwisha kupoteza sehemu kubwa.

Mwaka 2002 jaribio jingine la Shirika hilo hilo lilionyesha kuwa si lazima kugawa levonojestreli mara mbili; miligramu 1.5 kwa mara moja inatosha. Kikaja pia kidonge kingine, ulipristali, kilichoruhusiwa Ulaya mwaka 2009, ambacho nguvu yake haipungui upesi hadi siku ya tano; huku kwetu si rahisi kukipata. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuingiziwa Postinor-2 kwa mpango maalumu katika miaka ya 1990, na kutoka Postinor-2 watu wakapata jina P2, ambalo leo linatumika kwa kila kidonge cha namna hiyo, kiwe cha kiwanda kipi. Siku hizi kinauzwa katika maduka ya dawa ya mijini bila cheti cha daktari. Nimekaa Kasulu nikiona wasichana wakikinunua Jumatatu asubuhi kama wanavyonunua vocha.

Wazee wenzangu hukasirika kwa hilo. Mimi sikasiriki, ila ninawaambia wasichana mambo kadhaa, na nitayasema hapa pia maana kitabu hiki kitasomwa na watu wenye mabinti. Kimeze mara ukipata, usingoje kesho. Jina la Kiingereza linalotaja asubuhi ya pili limewapotosha wengi. Baada ya saa 72 bado kinaweza kusaidia hadi siku ya tano, lakini kidogo. Ukitapika kabla ya saa mbili kupita, meza kingine. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au dawa za VVU zenye efavirenzi, amwambie mhudumu, kwa sababu hizo hupunguza nguvu yake na huenda akahitaji dozi maradufu au kitanzi. Kitanzi cha shaba ndicho bora kuliko vyote, kikiwekwa ndani ya siku tano na mtu aliyefundishwa, nacho kinabaki kufanya kazi kwa miaka. P2 ikikosekana kabisa na pakiti ya vidonge vya majira ipo, muuguzi anayejua anaweza bado kuhesabu vyeupe vinne na vinne. Hakizuii UKIMWI, aliyebakwa anahitaji pia dawa za kinga ya VVU, nazo mwisho wake ni saa hizo hizo 72. Na anayekimeza kila wiki hajifanyii sumu, ila anavuruga siku zake na kutegemea njia dhaifu wakati sindano au kipandikizi vipo kliniki.

Kuhusu polisi: mwaka 2011 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwahudumia wahanga wa ukatili wa kijinsia, na dawa hii imo. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. PF3 ni karatasi ya kumpeleka mbakaji mahakamani, na ni muhimu, ila haizuii mimba. Anayetaka kuwahi aanze kwenye kituo cha afya.

Mambo ya mpakani hayakwisha. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012 na Warundi wakarudishwa kwao, tukadhani basi. Aprili 2015 wakaanza tena kuja. Wengine walivukia Manyovu, wengine kwa maelfu wakarundikana Kagunga, ufukweni, mwezi Mei, na kipindupindu kikaingia. Meli ya zamani ya Liemba ikawa inawabeba kuwapeleka Kigoma. Nduta ikafunguliwa upya mwaka ule. Mimi nilikuwa karibu na kustaafu, nikaitwa kusaidia siku chache kwenye mapokezi. Mhudumu mmoja kijana alifungua sanduku akanionyesha kidonge cha levonojestreli katika karatasi yake, kimoja tu. "Mama, unakijua hiki?" Nikamwambia nakijua.

Mwaka jana nilikwenda gulioni Manyovu kununua maharage. Mwanamke aliyekuwa akiuza alinitambua kabla sijamtambua. Tukasalimiana kwa mikono, kwa kirefu, kama tusalimianavyo Waha. Ni yule binti. Shangazi yake alikwisha kufariki. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1995 ni mwanamume mzima, anaendesha pikipiki ya abiria, na mama yake anampenda sana. Alinionyesha picha yake kwenye simu. Hakuna anayeweza kusema kijana yule ni kosa. Yeye mwenyewe hakurudi shuleni. Novemba 2021 serikali ilipotangaza kuwa wasichana waliokatishwa masomo kwa ajili ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi, alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, na alicheka aliponisimulia alivyoisikia redioni.

Kisha akaniambia kuwa binti yake wa mwisho yuko sekondari, na huko wamefundishwa habari za P2, na amekuja nyumbani akamweleza. Akajaza kopo la maharage, akalisawazisha juu kwa kiganja, akaniuliza bila kuniangalia: "Mama nesi, ile dawa, siku zile ilikuwa bado haijaja?"

Nilikuwa nimeshika mfuko. Nikamwambia ilikuwa imekwisha kuja. Ilikuwa kabatini, ila mimi sikujua.

Alimimina maharage mfukoni. Akaongeza konzi moja, kama wauzavyo kwetu kwa mtu wanayemjua, na akanitajia bei.